Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani: soma stika kwanza, bisibisi baadaye

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue na kwenye maduka ya miji mingine ya Afrika Mashariki zilitumika maofisini Ulaya kwa miaka kadhaa, kisha zikaletwa kwa kontena: Dell OptiPlex 7010, 9020 na 3020, HP EliteDesk 800 G1, HP ProDesk 600 G1 na ndugu zao. Ni mashine imara. Shida ni kwamba nyingi huja na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, ya GB 4 tu, na GB 4 siku hizi inamalizwa na Windows pamoja na kivinjari chenye kurasa chache. Kuziongezea RAM ni kazi ya robo saa, na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu anaiweza.

Hiyo robo saa ndiyo sehemu rahisi. Wanaoharibikiwa huwa wameshaharibikiwa dukani, pale waliponunua RAM isiyoingia, au inayoingia lakini mashine haiisomi, au inayosomeka leo na kuangusha mashine wiki ijayo. Kwa hiyo maelezo haya yanakaa sana kwenye stika na kidogo kwenye bisibisi.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Watu wengi huliita boksi zima "CPU". Hapa boksi ni kasha, prosesa ni ile chipu iliyojificha chini ya feni, na ubao mkubwa unaobeba kila kitu ni ubao mama. RAM moja moja tutaiita kipande, na mahali inapochomekwa ni sloti.

Hakikisha kweli tatizo ni RAM

Fungua kazi zako zote za kawaida kwa pamoja: kivinjari na kurasa zako, Excel, programu ya mahesabu, chochote unachotumia. Halafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", bonyeza "Memory". Ikiwa inakaa juu ya asilimia 85 muda wote, unahitaji RAM. Tazama pia namba mbili zilizoandikwa "Committed". Ya kwanza ni kiasi ambacho Windows imeahidi kuzipa programu zako. Ikisoma GB 7 na mashine ina GB 4, sehemu kubwa ya tofauti hiyo inategemea diski, na ndiyo maana kila kitu kinakwenda kama mkokoteni.

Hapa watu huchanganyikiwa. RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, kwa hiyo diski nayo inaonyesha asilimia 100. Anza kila mara kutazama "Memory", kisha "Disk". Kama RAM iko asilimia 50 au 60 na diski imekwama asilimia 100 kwa dakika nzima, RAM haitakusaidia. Hiyo ni diski ya kuzunguka iliyochoka, na dawa yake ni SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Mashine yenye GB 4 na diski ya kuzunguka inahitaji vyote viwili. Pesa ikitosha kimoja tu, anza na SSD. Utaona tofauti tangu kuwasha. RAM ifuate mwezi unaokuja.

Kiasi gani? Kwa kazi za ofisi, masomo, kivinjari na mahesabu, GB 8 zinatosha. Kwa Photoshop, kuhariri video, AutoCAD, au mtu anayefungua kurasa arobaini na hafungi hata moja, weka GB 16. Kwenye mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu au cha nne (mfano i5-3470 au i5-4570), kuzidisha hapo ni kuweka pesa mahali ambapo prosesa haiwezi kuifuata.

Kabla hujatoka kwenda dukani, fungua "Settings", "System", "About" na usome mstari wa "System type". Ukikuta biti 32, simama hapo. Windows ya biti 32 ya kawaida haivuki GB 4, na kwa vitendo hukupa kama 3.2 hadi 3.5, hata ukipachika GB 16. Itabidi usakinishe upya Windows ya biti 64 kutoka mwanzo, kwa sababu huwezi kupandisha moja juu ya nyingine. Nakili mafaili yako kwanza.

Mashine yako inataka nini

Kwenye ukurasa uleule wa "Memory" kuna mstari "Slots used", kwa mfano 2 of 4. Huo unakwambia una nafasi au huna. Ukitaka kujua kila sloti imebeba nini, fungua PowerShell na uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, Speed, PartNumber

Kwenye Linux, amri ni sudo dmidecode -t memory. Programu ya bure ya CPU-Z nayo inaonyesha yote hayo kwenye kurasa zake za "Memory" na "SPD".

Kisha soma modeli iliyoandikwa kwenye kasha. OptiPlex 7010 na 9020 za kasha la kawaida na la wembamba zina sloti nne za DDR3 (DDR ni aina ya RAM, na namba ni toleo lake) na hubeba hadi GB 32. HP 800 G1 na 600 G1 ni vivyo hivyo. OptiPlex 3020 ina sloti mbili tu, mwisho GB 16. OptiPlex 3010 nayo ina sloti mbili, na Dell waliiwekea kikomo cha GB 8. Kuanzia OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 unaingia DDR4. OptiPlex 3040 imesimama katikati: prosesa ni ya kizazi cha sita lakini RAM yake ni DDR3L, yaani DDR3 ya volti ndogo, na wengi hununua DDR4 kwa kuangalia prosesa peke yake.

Angalia pia ukubwa wa kasha. Vile vidogo kabisa, vinavyokaa kiganjani kama kitabu kinene, kwa mfano 9020 Micro, hutumia RAM ya laptop. Kipande cha laptop kina urefu wa karibu sentimita 6.8, cha mezani kina sentimita 13.3. Hakuna namna ya kulazimisha kimoja kiingie kwenye sloti ya kingine.

Na hili lishike vizuri: mashine hizi za DDR3 za kizazi cha tatu na cha nne husoma kipande kisichozidi GB 8. Vipo vipande vya DDR3 vya GB 16, na bei yake inaweza kukushawishi. Kwenye OptiPlex 9020 hakitasomeka. Ukitaka GB 16, nunua vipande viwili vya GB 8.

Stika, herufi kwa herufi

Chukua kipande chochote cha DDR3 kilichotoka kwenye mashine ya ofisi. Kwenye stika utakuta mstari kama huu:

8GB 2Rx8 PC3L-12800U-11-13-B1

Mwuzaji anasoma "8GB" na kuishia hapo. Wewe endelea.

2Rx8 ina maana chipu zimepangwa safu mbili za kazi, na kila chipu inatoa biti 8 kwa wakati mmoja. PC3 ni DDR3. Ile L inayofuata inasema kipande kinaweza kufanya kazi kwa volti 1.35, PC3 bila L inahitaji volti 1.5. 12800 ni kasi kwa megabaiti kwa sekunde: igawe kwa 8 unapata 1600, ndiyo ile "DDR3-1600" inayotajwa madukani. 10600 ni 1333. Kwenye DDR4 utaona PC4-2400T au PC4-2666V, ambapo kasi imeandikwa moja kwa moja. 11 ni ucheleweshaji wake, na kwa mashine ya ofisi usijisumbue nayo.

Herufi yenye uzito kuliko zote ni ile iliyobandikwa baada ya kasi. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, ndiyo unayotaka. S ni ya laptop. E ni ya mashine zenye kurekebisha makosa. R ni ya seva.

Hiyo R ndiyo inayowatia watu hasara. Seva zinapostaafishwa, RAM zake humwagika sokoni kwa wingi na kwa bei ya kutupa. DDR3 ya seva ina pini 240 sawasawa na ya mezani, pengo la kwenye meno yake liko mahali palepale, na inaingia kwenye sloti bila ubishi. Ukiwasha, skrini ni giza, au mashine inalia. Mwuzaji atakwambia jaribu sloti nyingine. Haitasaidia, kwa sababu RAM ya seva ina chipu ya ziada inayopokea maagizo kabla ya kuyafikisha kwenye chipu za kumbukumbu, na mashine ya kawaida haijui kuongea nayo. Unaweza kuitambua hata bila stika: hesabu chipu. Ya kawaida ina 8 au 16. Ya seva ina 9, 18 au zaidi, na katikati kuna chipu nyingine ya umbo tofauti. Chipu 9 au 18 bila hiyo ya katikati ni ya herufi E, nayo iache.

Mtego wa pili ni mgumu kuuona. Kuna DDR3 za bei nafuu zinazouzwa kwa jina "za AMD". Chipu zake ni za x4, yaani kila moja inatoa biti 4. Kipande cha namna hiyo kinaweza kuwa na chipu 16 vilevile, kwa macho huwezi kukitofautisha na 2Rx8 ya kawaida. Kwenye baadhi ya mbao mama za zamani za AMD kinafanya kazi. Kwenye Dell na HP zenye prosesa ya Intel, skrini inabaki giza au mashine inasoma nusu ya kiasi. Ukiona x4 kwenye stika, au neno AMD peke yake, au stika tupu isiyo na mstari wowote wa maelezo, rudisha mezani.

Kuhusu ile L: mashine za kizazi cha nne hupokea zote mbili, PC3 na PC3L, na za kizazi cha pili na cha tatu kwa kawaida hupokea PC3L kwa sababu inaweza kufanya kazi hata kwa volti 1.5. Shida iko upande wa pili: OptiPlex 3040 na wenzake wa kizazi cha sita wanaotumia DDR3L wasipewe PC3 ya volti 1.5.

Kasi ya ziada usiilipie. Prosesa ndiyo inayoamua. i5-2400 inaishia 1333. I5-3470 na i5-4570 zinaishia 1600. Upande wa DDR4, i5-6500 ni 2133, i5-7500 ni 2400, i5-8500 ni 2666. Ukiweka kipande cha 3200 kwenye i5-6500 kitashushwa hadi 2133 na kufanya kazi bila neno. Na ukichanganya vipande vya kasi tofauti, vyote vitatembea kwa kasi ya kile kizito.

Njia ya uhakika kuliko zote haihitaji hata kukariri haya: chomoa kipande kimoja cha zamani, kiweke kwenye mfuko wake au karatasi safi, nenda nacho dukani, na umwambie mwuzaji unataka mstari wa stika unaofanana. Jina la kiwanda si lazima lilingane. Samsung na SK hynix wakikaa pamoja hawagombani, mradi herufi na aina ni zilezile.

Ukiwa hapohapo, geuza kipande kwenye mwanga. Meno ya dhahabu yawe yanang'aa, bila alama ya kijani wala nyeusi ya kuungua. Chipu zote ziwe na maandishi ya kiwanda kimoja; zikichanganyika, kuna mtu alizibandua na kuzibandika. Halafu omba kichomekwe kwenye mashine ya dukani na CPU-Z ifunguliwe. Stika mtu anaweza kuichapa upya, lakini kile kipande kinachojieleza chenyewe kwenye ukurasa wa "SPD" ni vigumu zaidi kukidanganya. Dai risiti yenye siku za kurudisha, hata kama ni tatu tu, kwa sababu utazihitaji usiku wa kupima.

Kimoja kikubwa au viwili vidogo?

Mashine ina njia mbili za kuzungumza na RAM. Ukiweka vipande viwili, kimoja kwa kila njia, data inapita kwa upana mara mbili. Kwenye Word hutaiona tofauti. Kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, ambayo picha zake zinachota kwenye RAM hiyohiyo, video na michezo myepesi vitatulia zaidi.

Kwa mashine ya sloti nne, nunua viwili vinavyofanana. Kwa ya sloti mbili yenye kipande kimoja cha GB 4, ongeza kimoja cha GB 8 upate 12, na usikitupe kile cha 4. Intel hupanga hivi: GB 4 za kila kipande hufanya kazi kwa njia mbili, jumla 8, na GB 4 zinazobaki hutumia njia moja. Ukipata pesa, badilisha ile ya 4 kwa nyingine ya 8.

Sloti zipi? Dell nyingi za sloti nne zimeweka alama kwa rangi ya klipu: nyeupe hujazwa kwanza, kisha nyeusi. Kwenye mbao mama zinazouzwa pekee dukani, kwa kawaida ni ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, zimeandikwa A2 na B2. HP mara nyingi huweka mchoro ndani ya kifuniko. Usome kabla ya kukiweka pembeni.

Kufungua na kupachika

Zima mashine kabisa. Windows 10 na 11 zina kawaida ya kuzima nusu ili ziwake haraka, na sehemu ya hali yake huhifadhiwa kwenye diski. Shikilia Shift unapobonyeza "Shut down", au andika shutdown /s /t 0. Kisha chomoa waya wa umeme nyuma ya kasha. Kuzima kwenye soketi au UPS hakutoshi: chomoa waya wenyewe. Sasa bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi. Waya ukiwa umechomekwa, hata mashine ikiwa imezimwa ubao mama hupata umeme mdogo wa kusubiri, na mara nyingi kuna taa ndogo ndani inayouonyesha. Taa hiyo ikizimika ndipo uingize mkono.

Laza kasha ubavuni juu ya meza ya mbao. Usifanyie kazi kwenye zulia. Kabla ya kugusa RAM, gusa chuma kitupu cha kasha, na urudie kila unapotoka na kurudi. Umeme tuli huuoni wala huusikii, lakini unaweza kuua chipu. Unatisha zaidi sehemu za bara penye hewa kavu kuliko pwani.

Kufungua kifuniko hakuna la kusimulia: OptiPlex na EliteDesk nyingi zina kishikizo cha kuvuta, bisibisi hata huihitaji. Kwenye makasha membamba, kibebeo cha diski au cha DVD huwa kimelala juu ya RAM. Hicho hunyanyuliwa au kutolewa kwa lachi yake. Piga picha ya waya kabla hujachomoa hata mmoja.

Utakuta vumbi. Lipulize, lakini shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni inayozungushwa na hewa ya blowa huumia beringi.

Kutoa kipande cha zamani, sukuma klipu za pande zote mbili kwenda nje; kitanyanyuka chenyewe. Baadhi ya mbao mama zina klipu upande mmoja tu, basi fungua huo na uvute kipande taratibu kwa kingo. Usiguse meno ya dhahabu kwa vidole. Jasho lina chumvi.

Kwa walioko Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, hapa pana kazi ya ziada. Hewa ya bahari hutandaza utando mwembamba kwenye meno hayo, na mashine nyingi "zilizokufa RAM" pwani zinahitaji kusafishwa tu. Chukua ufutio mweupe laini, sugua meno polepole pande zote mbili, pangusa vumbi la ufutio, kisha pitisha kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa kidogo isopropili, ile spiriti wanayotumia mafundi simu. Acha ikauke dakika tano. Sloti yenyewe isafishe kwa brashi kavu ya nywele laini. Usiipulizie mafuta ya aina yoyote.

Sasa tazama sehemu ya chini ya kipande kipya. Kuna pengo dogo ambalo haliko katikati kabisa. Liweke mkabala na kizuizi kidogo kilicho ndani ya sloti. Lisipolingana, geuza kipande. Likiwa bado halilingani, umenunua aina nyingine ya DDR, na hapo nguvu ni adui yako.

Likilingana, simamisha kipande wima, weka dole gumba kila mwisho, na ukandamize sawasawa kwenda chini. Inahitaji nguvu zaidi ya unavyotarajia, na ubao utanesa kidogo. Wengi huishia hapo kwa hofu. Endelea mpaka usikie "tak", klipu zijifunge zenyewe na kuingia kwenye kijipengo cha ubavuni mwa kipande. Inama utazame kwa usawa wa macho: mstari wa dhahabu uwe umezama karibu wote na urefu wa kulia ulingane na wa kushoto. Upande mmoja ukiwa juu hata kwa milimita moja, toa urudie. Kipande kilichokaa mshazari kikipewa umeme kinaweza kuunguza pini, chenyewe na sloti.

Rudisha waya ulizozichomoa. Kifuniko bado, kiache wazi.

Kuwasha

Mara ya kwanza mashine inaweza kuchelewa kidogo kuonyesha picha. Dell mara nyingi hukuambia kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika na kukutaka ubonyeze F1 kuendelea. HP za zamani huandika 164 na maneno ya kosa la ukubwa wa kumbukumbu. Hayo si makosa. Mashine imeona kilichoongezwa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows, uhakikishe jumla: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre za Lenovo. Kwa wenye mashine mpya za DDR5, skrini inaweza kukaa giza dakika kadhaa mara ya kwanza wakati mashine inajizoesha na RAM. Usizime katikati.

Skrini ikibaki giza

Zima, chomoa waya, na kabla ya kulaumu kitu chochote toa vipande vyote uvipachike upya. Sehemu kubwa ya matatizo huishia hapo, kipande kilikuwa hakijazama.

Ikigoma, rudisha kile cha zamani peke yake kwenye sloti ya kwanza. Mashine ikiwaka, ubao ni mzima. Kitoe, weka kipya peke yake kwenye sloti ileile. Kikigoma hapo, kipande ni kibovu au si cha aina yake. Rudi na risiti. Kikiwaka peke yake lakini kikagoma kikiwa na mwenzake, hawaelewani: jaribu kubadilishana sloti, na isiposaidia nunua viwili vinavyofanana. Vyote viwili vikiwaka kwenye sloti ya kwanza na kugoma kwenye ya tatu, tatizo liko kwenye sloti, au kwenye pini za prosesa upande huo, hasa kama mashine iliwahi kufunguliwa prosesa na kufungwa kwa nguvu.

Mashine nayo huongea. HP za zamani hupiga mlio mara tano huku taa nyekundu ikipepesa mara tano: RAM. OptiPlex nyingi za miaka ya karibuni hupepesa kitufe cha kuwashia rangi mbili: kaharabu mara 2 kisha nyeupe mara 3 ni kwamba haioni RAM kabisa, 2 na 4, RAM ni mbovu, 2 na 5, RAM si ya aina inayokubalika. Hiyo ya mwisho ndiyo jibu la waliouziwa R.

Ikiwa hata kipande cha zamani hakiwaki tena, chomoa waya, toa betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama kwa dakika tano, irudishe, ujaribu. Baada ya hapo sahihisha tarehe na saa kwenye BIOS, la sivyo kivinjari kitakataa tovuti nyingi kwa kisingizio cha usalama.

Pima usiku wa kwanza

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayogharimu zaidi baadaye. RAM mbovu haisemi "mimi ni mbovu". Inaleta skrini ya bluu yenye msimbo tofauti kila mara, mafaili ya zip yanayokataa kufunguka, Windows inayoshindwa kujisakinisha ikiwa asilimia 60, Excel inayojifunga. Watu husakinisha Windows mara tatu, hubadilisha diski, hununua antivirusi, na muda wote mkosaji amekaa kwenye sloti.

Weka Memtest86+ kwenye fleshi, iwashe mashine kupitia fleshi hiyo, na uiache usiku kucha. Angalau ipite duru moja nzima; duru nne ni bora. Kosa moja tu, mstari mmoja mwekundu, ni kushindwa. Usikubali "ni kosa dogo". Pima kila kipande peke yake kujua kipi kina tatizo, na kirudishwe ndani ya siku za risiti. Umeme ukikatika katikati, anza upya. Huna fleshi? Andika mdsched.exe kwenye Windows. Ni kipimo chepesi zaidi, lakini ni bora kuliko kutopima. Kikipita, funga kifuniko.

Windows inaonyesha pungufu

BIOS ikisema 16 na Windows ikasema zinazotumika ni 15.8 au 15.6, hiyo ni sehemu iliyotengwa kwa ajili ya picha na vifaa. Sawa kabisa. Ikionyesha nusu, au ina "Hardware reserved" ya gigabaiti kadhaa, fungua msconfig, nenda "Boot", "Advanced options", na kama "Maximum memory" ina alama ya vema, iondoe kisha uwashe upya. Kuna maelekezo ya zamani mtandaoni yanayowafundisha watu kuiwekea alama "ili kuongeza kasi", yanapunguza. BIOS yenyewe ikionyesha pungufu, usipoteze muda ndani ya Windows, rudi kwenye sloti.

Mwenye SSD ndogo ya GB 120 atazame pia nafasi ya diski C. Faili la hiberfil.sys, ambamo Windows huhifadhi hali yake inapozima nusu au kulazwa (Hibernate), hukua pamoja na RAM, kwa kawaida asilimia 40 ya kiasi chake, kwa hiyo kutoka GB 4 hadi 16 limepanda kutoka kama GB 1.6 hadi GB 6.4. Kompyuta ya mezani isiyolazwa kwa Hibernate haina haja nalo: fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike powercfg /h off. Faili linafutika papo hapo, na kuanzia siku hiyo "Shut down" inazima mashine kabisa bila kushikilia Shift.